Watu Watatu Waliokubaliana juu ya Konsolata

Mwezi uliopita tulimzika Pasta Byamungu katika makaburi ya kambi, nje ya Kasulu, akiwa bado mkimbizi. Nalitaja hilo mwanzoni kwa sababu waliozungumza msibani walilipita haraka, kana kwamba mtu huishi ugenini zaidi ya nusu ya umri wake kwa kusahauliwa tu. Baada ya maziko tuliketi chini ya turubai tukala wali na maharage yaliyokolea mawese, na kijana mmoja mtanashati, mtumishi wa shirika la misaada, akasimama kutueleza marehemu alikuwa nani. Alisema dunia ina pande mbili. Upande mmoja ni Wazungu, watu wa mrengo huria, ambao kwao mtu binafsi ndiye mwanzo na mwisho wa kila jambo. Upande wa pili ni sisi, wahafidhina, watu wa mila, dini na ukoo. Pasta, alisema, alikuwa ngome yetu. "Wazee wangu, mwaka ule huyu baba aliwagomea wale mamadamu wa Kizungu mchana kweupe! Alikuwa hataki mchezo!" Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nimelitumikia Taifa katika Ustawi wa Jamii tangu ujana hadi kustaafu, na hotuba nimezivumilia nyingi, lakini sikuwahi kuketi nikala huku jambo nililolishuhudia kwa macho yangu likigeuzwa mbele ya sahani yangu. Kijana alipoketi nilimwambia kwamba mwaka anaousifia niliuishi, na haukuwa na pande mbili. "Ulikuwa na pande ngapi basi, bibi?" akauliza kwa adabu. Nikamjibu kwamba ulianza na pande tatu ukaishia na mmoja, na ule mmoja ndio uliokuwa wa kutisha. Akatabasamu, akaniongezea chai. Basi naandika, maana chai haikutosha.

Habari za wazazi wangu na shule nilizosoma nitaziacha, hazihusiki. Inatosha kusema nilikuwa mwajiriwa mpya, kituo changu kikiwa Kibondo, na kwamba niliazimwa Kasulu kwa mwaka mmoja kwa sababu nilizaliwa katika lugha ya Kiha na hivyo nilisikilizana na Warundi bila mkalimani. Nilipanga chumba kwa mwanamke mzee aliyeishi bila mume, aliyeitwa Bibi Nyamwiza. Kilikuwa chumba chembamba, sakafu ya udongo iliyosuguliwa ikawa nyeusi, dirisha dogo la ubao lililotazama migomba. Asubuhi ukungu uliingia kwa dirisha hilo ukakaa juu ya blanketi kama mgeni asiyetaka kusema shida yake. Jikoni kwa bibi ndiko nilikojifunza kazi, zaidi ya chuoni. Alikuwa mkali. Sikuruhusiwa kula nimesimama, wala kuvuka uwanja bila kitambaa kichwani. Mkwewe wa kiume alipokuja, bibi alizunguka nyuma ya jiko, akajificha hadi mgeni apite, kwa heshima ya mila. Nikamhesabu miongoni mwa watu wa kale. Kisha siku moja, akikoroga ugali wa muhogo, aliniambia bila kugeuka kwamba yeye ndiye aliyemwacha mumewe, si mume aliyemwacha. "Nilichukua kikapu changu nikarudi kwetu. Kaka zangu wakasema, karibu. Ng'ombe wa mahari wakarudishwa. Nani angenizuia, ewe mwana? Mimi si mbuzi." Katika vitabu vyangu vya chuo, mwanamke wa namna hiyo alikuwa Ulaya.

Na mwanamke wa Ulaya niliyefanya kazi naye, Madamu Karin, mkuu wa dawati la ulinzi wa wanawake na watoto kambini, hakuwa wa vitabu pia. Alitoka nchi ya kaskazini yenye theluji. Alituomba tumwite Karin kavu, bila Madamu, nasi tukashindwa. Alivaa suruali, aliishi na mwanamume ambaye hakufunga naye ndoa, na hakumwamini Mungu wala kumbughudhi anayemwamini. Lakini niliwahi kumwona akimfukuza ofisini mzee mwenye mvi kwa sababu hakuweka miadi, na sura aliyovaa ilikuwa ileile ya Bibi Nyamwiza nilipokula nimesimama. Siku moja, tukila njegere za mgao, alinisimulia habari za bibi yake mzaa baba. Mama yule hakuruhusu kushona, kucheza karata wala kucheka kwa sauti siku ya Jumapili, na alimzika mume bila kutoa chozi mbele za watu. "Angempenda Pasta Byamungu," akasema, akicheka. Nilipomwuliza baba yake yuko wapi sasa, akasema yuko katika nyumba ya wazee, amechagua mwenyewe. Jioni nilimweleza Bibi Nyamwiza. Akaacha kuchambua maharage. "Wamemtupa?" Nikasema hapana, ni uhuru wake. Bibi akarudia maharage yake. "Haya. Na aliyechagua peke yake, akiugua anamlaumu nani?"

Pasta Byamungu mwenyewe alitoka Kongo ya mashariki, na Kiswahili chake cha huko kilichanganyika na Kifaransa. Aliwakataza wanawake wa kanisa lake suruali na hereni, lakini aliwapa mimbari wahubiri, jambo ambalo paroko wetu wa Kasulu asingelifikiria hata ndotoni. Mkewe alipougua mgongo, Pasta aliosha vyombo mbele ya kibanda, watu wakimwona. "Bon, mama Leokadia," aliniambia, ingawa sikuwa mama wa mtu, "Yesu aliosha miguu ya bantu. Mimi ninakatala kuosha sufuria, niko nani?" Wa tatu katika habari hii ni Mzee Nahimana, Mrundi, kiongozi wa wazee wa usuluhishi ambao kwao huitwa bashingantahe. Alitembea na fimbo nyembamba, na aliposema, aliigonga ardhini taratibu, na makelele ya kambi nzima yakaonekana kusogea mbali. Aliamini neno la kweli ni lile linalosemwa uwanjani, jua likiwaka, majirani wakisikia. Nililipenda hilo. Lakini katika uwanja wake mwanamke hakujisemea. Alisemewa na ndugu yake wa kiume, damu yake.

Konsolata alikuwa Mrundi, mrefu, mwembamba, muuza nyanya katika soko la kambi. Mumewe alifariki kwa homa mwanzoni mwa mwaka ule. Konsolata akabaki na Yustina, msichana wa miaka kama mitano, na Dezire, mvulana aliyekuwa ameacha ziwa karibuni. Marehemu alikuwa na mdogo wake, Anaklet, ambaye alitaka mambo mawili, na alikuwa tayari kupokea lolote kati ya hayo: amrithi shemeji yake, au amchukue yule mvulana ampeleke kwao, ng'ambo ya mpaka wa Manyovu, Burundi, ambako babu wa mtoto alikuwa bado ameshikilia kipande cha shamba na alihitaji mrithi wa kiume wa kuonyesha. Huko vita vilikuwa bado vinawaka. Anaklet hakupiga kelele kamwe. Ningejua la kumfanya mtu mwenye kelele. Kila asubuhi alikuja, akamwamkia shemeji yake kwa heshima, kisha akaketi kwenye jiwe mkabala na mlango, akimenya muwa kwa kisu kidogo na kumpa mtoto vipande. Alikaa hapo wakati mama anachota maji. Alikaa hapo mama anaporudi. Mvua ikinyesha alifunika kichwa kwa gunia akaendelea kukaa. Majirani walianza kupita njia nyingine, na wanawake waliozoea kuomba chumvi kwa Konsolata wakaenda kuomba kwingine. Yeye mwenyewe alinieleza anachotaka, akipanga nyanya, na ninayaandika maneno yake yalivyokuwa: "Dada, sitaki mume. Sitaki kuhamishwa. Nataka kulala na wanangu wawili na kuuza nyanya. Hilo ni kubwa?"

Nilimwambia si kubwa. Nilikwenda kwa Mzee Nahimana, naye akanishangaza. "Kurithiwa? Mjane akikataa, amekataa. Na mtoto mdogo hatolewi kwa mama, hata mwenye kichaa hafanyi hivyo. Aje uwanjani, neno lake lisemwe, na Anaklet hatamgusa. Akimgusa, atakula na nani?" Nikauliza nani atalisema. "Kaka yake." Kaka zake wamekufa wote, mzee. "Mjomba, basi." Wamekufa. Fimbo ikagonga chini. "Hapo, binti yangu, umenifikisha mtoni pasipo daraja." Nikakumbuka kwamba wazee waliwahi kumkubali Pasta amsemee kijana asiye na ndugu. Nikamfuata Pasta. Alisema kurithi mjane ni dhambi, na kwamba angesimama mbele ya wafalme kulisema hilo. "Mais, dada, huyu mama ni wa kanisa yenu ya Roma. Muntu asiyekuwa kondoo yangu, nitamusemea namna gani? Abatizwe kwa maji mengi, Siku ya Mungu inayokuja, nami nitasema mpaka Anaklet akimbie." Konsolata aliposikia, alifuta nyanya moja kwa kanga kwa muda mrefu. "Nimebatizwa," akasema. "Mume wangu amezikwa katika ubatizo huo. Nibadilishe ili nini, watoto wasinijue?"

Likabaki dawati la Madamu Karin. Alimwita Konsolata kwa mahojiano, nami nikiwa mkalimani. Kabla ya kuanza nilimsihi tuache mlango wazi, au tutoe viti nje, mzee aone tu kwamba tunaongea, hata asiposikia. Nilimweleza kwamba kwa watu hawa, anayemshtaki mtu nyuma ya mlango anafikiriwa vibaya sana, karibu sawa na anayetia kitu kwenye chakula. Alinisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa msikivu, kisha akainuka akafunga mlango, akafunga na pazia. "Leokadia, mlango uliofungwa ndiyo heshima. Ana haki ya siri yake." Ndani kulikuwa na joto la bati na harufu ya wino. Konsolata alijibu kila swali. Lakini kadiri muda ulivyokwenda, nje palizidi kuwa kimya, na ukimya wa kambi mchana si kitu cha kawaida. Tulipofungua, wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi wakitazama mlango, nyuma yao watu wengi wamesimama. Mzee Nahimana alimtazama Konsolata kwa huzuni ya kweli. "Binti, neno lililosemwa humo ndani, sisi tulisikie wapi? Sasa hata ukileta kaka, atasemea nini?" Anaklet alikuwa pembeni na muwa wake. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akitabasamu. Madamu Karin akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wamekuja kumuunga mkono?" Sikuwahi kuona mtu mwenye nia njema akiuliza jambo baya kiasi kile.

Haikupita juma moja kikaitwa kikao. Kilifanyika katika chumba cha mafunzo, meza zimeunganishwa, soda za moto na karanga. Mkuu wangu wa kazi alikuja kutoka Kibondo kwa gari, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Walikuwapo Madamu Karin, Mzee Nahimana na Pasta Byamungu. Konsolata hakuitwa. Nilimwuliza Madamu sababu, akasema haifai mhusika akabiliane na watu wanaomtisha. Nilimwuliza mzee, akasema mwanamke ambaye neno lake limeharibika hawezi kuketi barazani. Nilimwuliza Pasta, akasema mama apumzike, wanaume wa Mungu wanamuombea. Walisema sababu tatu kutoka mabara mawili, na kiti kikabaki kitupu kilekile. Kisha Madamu akaeleza utaratibu wa kwao: panapo mvutano juu ya mtoto, mtoto hukaa kwanza na familia isiyo upande wowote, na kila upande una haki sawa ya kumtembelea, hadi uchunguzi ukamilike. Nilisubiri mzee akasirike. Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Hilo ni la busara. Mtoto wa ukoo asikae ndani ya mlango uliofungwa." Pasta akasema, "Sawa, kama hiyo familia ni ya kuomba Mungu. Mimi niko nayo moja, bantu ya kanisa yangu." Nikasimama. Nilikuwa mdogo kuliko wote, lakini nilisema kwamba mama yupo hai, ana akili timamu, anauza nyanya hatua chache kutoka pale, na aulizwe. Mkuu wangu akanigeukia bila ukali. "Binti, keti. Serikali haiwezi kuwa na upande. Na tuseme ukweli, mtoto ni wa baba." Alikuwa na shahada mbili, na alizipata ng'ambo.

Nilichokiona baada ya hapo ndicho nilichotaka kijana wa msibani akijue. Walifurahi. Watu waliokuwa hawaamkiani mwaka mzima walishikana mikono. Madamu Karin alimshukuru mzee kwa kuheshimu haki za mtoto. Mzee alimshukuru Madamu kwa kuheshimu ukoo. Pasta alifunga kwa sala akalishukuru kanisa. "Kumbe tunafanana sana," Madamu alisema, macho yake yamelowa, na niliwatafsiria wote, kwa kuwa ndiyo kazi niliyolipwa. Nimekutana baadaye na wahafidhina na watu wa mrengo huria wa nchi nyingi, katika semina za Dodoma, Nairobi na kwingineko, wakibishana hadi chakula kinapoa, na sikuogopa hata mara moja. Wanapobishana, mtu mdogo hupata upenyo wa kupita katikati yao. Siku ile ndipo nilipoona upenyo unavyozibwa.

Watoto walichukuliwa wote wawili, wasitenganishwe, asubuhi yenye ukungu. Yustina alilia hadi akapata homa, akakataa kula, na familia ile ya kanisa, waliokuwa watu wema, wakamrudisha kwa mama yake baada ya siku chache. Dezire alikuwa mdogo, akazoea. Mama yake alikwenda kumtembelea kwa zamu yake, akazuiwa kumpakata kwa muda mrefu ili upande mwingine usionewe. Anaklet naye alikwenda kwa zamu yake, na muwa. Asubuhi moja akaomba ampeleke mtoto sokoni kumnunulia kofia. Ilikuwa zamu yake, nani angemkatalia? Adhuhuri, dereva mmoja wa lori la mihogo alisema aliwaona Manyovu, kati ya wabadilisha fedha, mtoto amevaa kofia mpya ya njano na amelala begani. Nilikimbia kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Madamu Karin alikaa chini, akaweka viganja juu ya meza, akasema utaratibu ulikuwa sahihi, na akalirudia hilo mpaka ikawa kama anaomba. Mzee Nahimana alisema Anaklet amefanya wizi na hatakaribishwa tena kwenye mtungi wa pombe, ila mtoto hajapotea, yuko kwenye udongo wa babu yake. Nikamkumbusha kwamba huko watu wanauana. Fimbo haikugonga. Pasta alipiga magoti nje, kwenye matope, akalia kwa sauti. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na ninamshuhudia kwa hilo, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekwenda kwa Konsolata siku ile. Nilikwenda mimi na Bibi Nyamwiza, aliyekuwa hajawahi kukanyaga kambini. Tulimkuta akipanga nyanya. Alituuliza kama tunanunua.

Asubuhi iliyofuata alikuja jikoni kwetu na Yustina. Alikuwa amejifunga kanga mbili na kubeba kikapu kidogo. Bibi alikuwa ndiyo kwanza ameinjika sufuria. Konsolata alisema anakwenda kumfuata mwanawe. Nikaanza kusema niliyopaswa kusema: kwamba asubiri, kwamba nitamwombea ruhusa ya kutoka kambini, kwamba ng'ambo kuna askari kila kilima. Alinisikiliza kama alivyokuwa akitusikiliza sote. "Dada, ruhusa ya nani?" akauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kweli kujua. Bibi Nyamwiza akanishika mkono ninyamaze. "Niachie wa kike," akamwambia. "Vita haibebi watoto. Ukirudi utamkuta ameshiba." Konsolata akamkalisha Yustina kwenye kigoda karibu na moto. Hakumkumbatia. Nadhani angemkumbatia asingeondoka. Akapita kwenye migomba, akashika njia ya Manyovu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuhitaji kwenda mbali ili asionekane.

Hakurudi. Wala Dezire hajasikika. Nilipokuwa kazini niliulizia kwa kila njia niliyokuwa na mamlaka nayo, na nyingine ambazo sikuwa nayo. Yustina alilelewa na Bibi Nyamwiza hadi bibi alipofariki. Sasa ni raia wa Tanzania, ana watoto, ana kibanda cha nafaka katika soko la Kibondo, na nikipita huniwekea kiti ndani, pembeni ya magunia. Wateja wakipungua huniuliza swali lilelile, mama yake alisema nini mlangoni. Najua anachotaka kusikia. Anataka kusikia kwamba mama alisema atarudi, au kwamba anampenda, au kwamba amsamehe. Wengine wangempa, na wangeita huruma. Mimi nimekwisha kuona watu wema wakiamua kwa niaba ya Konsolata alichotaka, na sitakuwa wa nne. Kwa hiyo humwambia yalivyokuwa. Mama yake alisimama kizingitini, akamtazama Bibi Nyamwiza, akasema, "Hajanywa uji," kisha akatoka.